Dole na Dola

Kopo la kahawa juu ya friji lina dola mia tatu na sita.
Mia tatu na sita, na vifungo viwili vya koti
alivyotumbukiza mjukuu wangu Mathis, akidhani anachangia.
Haba na haba, husemwa, hujaza kibaba.
Kibaba changu kina tundu:
kila nikikaribia ukingo, ofisi nyingine inakumbuka
kwamba nayo ipo.

Kwanza mahakama ya Bathurst. Wanataka ada
ya kuitafuta hukumu yangu mwenyewe,
ambayo mimi sijaipoteza hata siku moja.
Naijua tarehe. Najua hakimu alikuwa na mafua.
Najua hundi zilikuwa tatu, za bosi,
na sahihi niliyoiga ilikuwa nzuri kuliko yake.
Dola mia moja na tisini kwa jumla: maziwa ya kopo, nepi,
matairi mawili ya theluji, yaliyokwisha tumika.
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.
Nikalipa zote. Nikafagia korido za manispaa saa mia moja.

Halafu polisi. Kila mji niliolala miaka mitano hii
sharti uandike barua kwamba nililala tu.
Caraquet, Shippagan, Tracadie, kisha Caraquet tena.
Nilifukuzwa na kodi ya nyumba, si na askari,
lakini barua ni tatu na kila barua ina bei yake.

Kisha vidole.
Kijana wa alama, Fabrice, alinishika kimoja kimoja
kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.
Akabonyeza kwenye kioo. Akafuta kioo. Akabonyeza.
"Mama, huna mistari."

Miaka ishirini na saba kwenye kiwanda cha kaa,
kuvunja miguu, kuchambua nyama, chumvi na barafu;
gamba linakula glavu, kisha linakula ngozi.
Nilicheka mpaka nikashika meza.
Kazi halali imenifuta, mwanangu. Imenifuta hadi ncha.
Ni jalada tu lisilofutika.

Akasema nipumzishe mikono wiki mbili, nipake mafuta,
nirudi. Nirudi na ada nyingine.
Wiki mbili! Mwezi wa tano, kaa wakishushwa usiku kucha,
na msimu wenyewe hata miezi mitatu haufiki!
Andika hiyo nayo, Fabrice, kwenye risiti.

Dola inataka dola, naelewa. Karatasi hazijichapi.
Ila nisaidie hesabu, wewe uliyesoma:
wizi ulikuwa mia moja na tisini,
toba imefika mia saba na bado naambiwa nisubiri mlangoni.
Ningejua, ningeiba na ya msamaha humo humo.

Usiandike hilo.

Siombi kazi ya benki.
Shule ya Mathis inatafuta watu wazima, Ijumaa,
wa kuwafunga watoto kamba za viatu vya barafu.
Basi. Kamba.
Fomu ina swali moja katikati, na kisanduku.
Nimemwambia Mathis magoti yananiuma.
Siku hizi ananiletea mto kila nikikaa,
na mimi naupokea,
na huo ndio uongo wangu wa kwanza tangu zile hundi.

Leo jioni nimekaa chini ya taa na kopo la mafuta
ambayo marehemu Ghislain alipaka viwele vya ng'ombe.
Nimesugua mpaka mikono ikang'aa.
Kwenye dole gumba la kulia nimeona mstari,
mmoja, mwembamba, umepinda kama barabara ya pwani.
Umerudi.
Sijui ni uleule waliouchovya wino mwaka ule.
Sijui mtu husalimianaje na kitu kama hicho.

Nimeutazama kidogo.
Kisha nikavaa glavu. Zamu inaanza saa tano.