Usiuachie Mkono

Mwaka wa kwanza hatukufundishwa kumwangusha mtu.
Tulifundishwa kuanguka.

Ghala lilikuwa la tumbaku, nyuma ya reli, Tabora,
na hata lilipofagiwa mara mia
vumbi lake lilitupigisha chafya kabla ya salamu.
Magodoro sita ya sponji, juu yake turubai la lori
lililoshonwa kwa uzi wa viatu;
kiraka kimoja kilikwaruza kiwiko,
kila jioni kiwiko kilekile.

Bi Kalunde alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya Kitete,
harufu ya dawa ya vidonda ingali vidoleni,
mfupi, akiazima stuli ili azime taa.
"Kidevu kifuani," alisema.
"Mkono uipige sakafu kabla sakafu haijakupiga wewe."
Paa. Tena. Paa. Tena.
Nami nilikuja kutafuta jambo moja tu:
namna ya kumbwaga kaka yangu, Mihayo,
ambaye jina lake kwa Kinyamwezi ni maneno,
wala hakuwa na machache.

Mwaka wa pili: begani.
"Ingia chini yake, goti lilegee,
mvute akuegemee kama mzigo."
Hapo mgongo wangu ukakumbuka kitu ambacho sikufunzwa.
Sisi ni vitukuu vya wapagazi;
yuko babu aliyekwenda pwani na pembe begani,
akarudi na majora ya nguo
na bega moja limeshuka hadi kaburini.
Nikambeba Shija, fundi baiskeli wa Isevya,
kilo themanini na mbili,
akapaa, akageuka, akatua,
nami nikainua mikono kama niliyefunga goli.

Bi Kalunde hakupiga makofi.
Shija alikuwa amejishika bega.
"Umeuachia mkono wake.
Unayemwangusha, mshike mpaka afike chini.
Ukimwachia njiani, hiyo si judo.
Hiyo ni ajali."

Niliinama mbele ya Shija. Naye akainama, kwa upande mmoja.
Bega lilichukua wiki tatu kupona,
na kwa wiki tatu mimi ndiye niliyejaza upepo
matairi ya wateja wake.

Sasa sikia.
Baba alituachia mizinga arobaini na mmoja, msituni Sikonge,
na karatasi moja isiyo na saini.
Kesi ikaenda baraza, ikarudi, ikaenda,
nyuki wakahamia, wakahama,
sisi bado tumekaa kwenye benchi, kila mtu na ncha yake.
Mwezi wa saba nikashinda.
Muhuri ulipogonga meza
nikamwona Mihayo anavyopotea mizani:
kisigino kwanza, kisha kiuno, kisha macho.
Mtu anayekwenda chini namjua. Nimemsomea miaka mitatu.

Sitasema sikufurahi.
Furaha ilinipanda hadi kooni,
tamu, ina mwiba ndani,
kama sega lenye nyuki aliyesahauliwa.
Mikono ilitaka kwenda juu.

Ikaenda mbele.
Nikamshika mkono wa shati, palepale mlangoni,
mbele ya wote waliokuja kutazama.
Akadhani nataka ugomvi, akakaza shingo.
"Ishirini ni yako," nikasema.
"Ule wa mninga, alioupenda baba, tutaurina pamoja."
Mihayo hakuwa na neno.
Hatukukumbatiana.
Aliutoa mkono wake polepole, akapanda baiskeli,
mnyororo ukachomoka, akashuka,
akaurudisha kwa kidole cheusi cha grisi,
akaenda bila kugeuka.

Msimu wa kurina haujafika.
Nimefunga mienge miwili ya magome,
mmoja ungenitosha.
Sijui kama atakuja.
Jioni bado naanguka pale ghalani,
na kile kiraka
hakijanisamehe kiwiko.