Baiskeli Isiyofika

Kitini, presha yangu ilikuwa ya mwari:
mia na ishirini na mbili kwa sabini na sita.
Nesi Mwantumu akaandika, akacheka:
"Mejumaa, wewe utatuzika sote."

Kisha wakanipandisha baiskeli isiyo na magurudumu.
Mimi wa Makorora, niliyejua pedeli kabla ya alifu,
nipelekaye maziwa Chuda, Chumbageni, Raskazone,
madumu mawili nyuma, moja mbele,
nimewekwa dirishani pa Bombo nikanyage, nisifike.

Dakika ya tatu bado naiona njia kichwani:
reli, wakaanga mihogo,
mbwa wa yule mstaafu wa bandari.
Dakika ya sita mkanda ukanibana mkono
na nesi akaacha kucheka.
Mia mbili na kumi na nne.
"Punguza, mama. Taratibu."

Daktari akanionyesha moyo wangu kwenye kioo,
wa kijivu, unafumba, unafumbua,
kama kiganja cha mtoto anayedai chenji.
Ukuta wa kushoto umenenepa, alisema.
Milimita kumi na tatu.
Sikujua nishukuru au niombe radhi.

Kwetu mkono ukinenepa kwa mchi, unasifiwa.
Paja langu hili, hata aliyeniacha alilisifu.
Moyo tu ndio umekatazwa misuli?
"Baiskeli si adui yako," alisema.
"Adui ni presha inayojificha ukikaa,
ikakungoja mwinukoni."

Nikakumbuka.
Baba alipozikwa: piga moyo konde.
Nilipoachwa na mimba ya pili: piga moyo konde.
Ada, kodi, dumu lililomwagika Barabara ya Kumi na Tano,
mbele za watu, paka wakaja harusini:
piga moyo konde, Mejumaa, piga.
Nikaupiga. Miaka ishirini na tisa.
Nao ukafanya kama afanyavyo yeyote
apigwaye kila siku,
ukaota sugu.

Siku hizi nabeba madumu mawili.
Kidonge kabla ya chai; chumvi naionea kwa jirani.
Kwenye mwinuko wa Bombo nashuka, nasukuma.
Vijana wa bodaboda hunipigia honi,
"Bibi, betri imekwisha?"
Siwajibu. Naweka mkono kifuani,
kiganja wazi, vidole vimelegea,
nausikiliza mpaka utulie.
Halafu napanda,
maana maziwa hayajui habari za moyo:
jua likifika utosini, yanachacha.