Buluu

Dumu lilikuja limefungwa kanga,
dumu la mafuta ya alizeti, limesuguliwa mpaka chapa imefutika:
mkojo wa kutwa kucha, lita moja kasorobo.
Kijana aliyelibeba hakutaka kunitazama usoni.

Nikapima ujazo. Nikabandika namba, mia nne kumi na saba.
Huku maabara jina halisemwi,
lakini kanga naijua, na ncha yake iliyoungua,
iliyoshikia sufuria alfajiri zote za utoto wangu
pale Ngamiani, barabara ya kumi na mbili:
mbaazi za nazi, za mia, na tui la nyongeza ukisalimia vizuri.

Damu yake imezungushwa, imetulia,
wekundu chini, manjano juu.
Nachota ya juu, si tone, ni ukope wa tone,
nalitia kimeng'enya.
Mkojo nauzimua kwanza kwa maji, moja kwa mia.

Halafu ni kungoja. Dakika kumi, joto la mwili.
Nimemwomba Shekidele asipige deki sasa;
dawa yake ya sakafu ina amonia,
ingeingia kwenye neli zangu kutoa ushahidi wa uongo.

Kimeng'enya hakikosei mlango.
Sukari ipo, chumvi ipo, na mengine chungu nzima,
chenyewe hupiga hodi kwa urea tu,
kikaivunja, amonia huku, hewa kule,
nacho kikatoka kizima, kikaendea nyingine.

Na asili yake ni punje. Maharage,
ukoo mmoja na mbaazi.
Ningemwambia, Bi. Mwanakheri angecheka mpaka mtandio uanguke:
"Kumbe na nyie mwapika!"

Natia dawa ya rangi. Buluu inapanda.
Mama alikuwa na buluu kama hii, ya maji ya mwisho,
kanzu za Ijumaa zing'ae,
matone mawili, matatu, akiogopa kuzidisha.

Hii imezidi.
Neli ya mkojo imepauka, ya damu imekolea.
Cha kutoka kimebaki ndani.

Narudia. Neli mpya, mkono uleule.
Thelathini na nane.
Narudia. Thelathini na nane nukta mbili.

Naandika kwa wino mweusi, tarakimu zimesimama wima,
natia sahihi, nakunja karatasi.
Kijana bado yuko kwenye benchi.
Dumu halitaki. Anaomba kanga tu,
bibi kasema irudi leo leo,
kesho anapika.