Nakurudisha Kwenu

Amka, twende. Leo siku ya ishirini na tisa
na karatasi yao inasema thelathini.
Nimekufunga kwa shuka la maua na kamba ya nguo;
boksi lako nilimpa mtoto wa jirani
akalifanya gereji ya magari yake.
Kilo kumi na moja. Nimekubeba kifuani hadi kituoni,
mvua ya Coventry inatunyunyizia kidogo kidogo
kama mtu anayelainisha nguo kabla ya pasi.

Kwenye basi umekaa kimya, mstaarabu kabisa,
abiria wakatusogezea nafasi.
Hawakujui.
Mimi najua ulivyonitenda usiku wa Ijumaa,
gauni la kipaimara la Imelda mezani, mita nne za satini:
mishono mitano unashona, miwili unasamehe,
kisha ukautafuna uzi, ukanuna,
nikamalizia kwa mkono hadi saa kumi alfajiri,
kidole kimetoboka kama chujio.
Kipya kinyemi, wanasema. Kinyemi kwa nani?

Kaunta ya kurudishia vitu wameiweka mwisho wa duka,
baada ya mapazia, baada ya taa, baada ya mazulia,
mtu afike amechoka kabla hajasema neno.
Mbele yangu mzee na birika lake,
mbele ya mzee, mama mwenye kiatu kimoja.
Kijana wa kaunta ni Callum, jina liko kifuani,
ndevu ndiyo kwanza zinabisha hodi.
Risiti? Ninayo. Imefifia,
lakini ukiielekeza kwenye taa tarehe inasomeka.
Boksi? Nikamweleza gereji.
Akacheka, akakumbuka yuko kazini, akaacha.
Tatizo?
Hapo Kiingereza changu cha miaka kumi na minane
kikanikimbia mchana kweupe.
Nikamwambia: inaruka.
Akakutazama wewe, akatazama sakafu.
Inaruka kwenda wapi?

Nionyeshe, akasema. Akachomeka plagi.
Nikakupa kipande cha kitambaa.
Na wewe, loo,
ukashona!
Mstari umenyooka kama wa daftari la shule,
mishono imelingana kama mchele uliopembuliwa.
Nyumbani unanipigia kelele,
mbele za watu umekuwa mwali wa ndani.
Foleni nzima ikanigeukia.
Unaijua ile aibu ya kumkimbiza mgonjwa hospitali,
mkifika mlangoni tu homa inashuka
na anaomba chai?

Mama, akasema Callum kwa upole, mashine ni nzima.
Ndipo nikauona mfuko wa aproni yake,
unaning'inia kwa nyuzi mbili.
Vua, nikamwambia.
Samahani?
Vua aproni. Miaka thelathini nashona,
siwezi kubishana na mfuko uliochanika.

Akatazama huku na huku kumtafuta meneja. Akavua.
Kitambaa kizito, nikakikunja mara tatu.
Njia ya mwongo ni fupi:
dakika ya kwanza, sawa;
ya pili, sawa;
ya tatu joto likakupanda, ukakohoa,
tak, tak, kimya,
tak,
sindano ikazama na ikakataa kutoka,
aproni ya kampuni imekwama kinywani mwako,
nembo yao nje, kamba zinaning'inia.
Yule mzee wa birika akapiga makofi.

Kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha sababu.
Aandike nini? akaniuliza.
Andika, ina adabu mbele ya wageni.
Sijui aliandika nini. Aliandika kirefu.

Mkasi hakuwa nao. Akakuinua pamoja na aproni yake,
akakupandisha rafuni kati ya blenda na kipasha-joto,
wenzako waliorudishwa kwao.

Sasa nimempakata ndugu yako ndani ya basi,
boksi jipya, gundi bado inanuka.
Sijamfungua. Siku zake thelathini zimeanza kuhesabika.
Ila kuna kitu kinanikera, na wala si wewe:
kijana wa watu nimemwacha na shati tupu,
na ule mfuko
sikuumaliza.