Hai

Raundi ya nne, ukumbi wa michezo wa Sakai,
viti mia tatu, nusu vitupu,
harufu ya dawa ya misuli na pweza wa kukaanga.
Refa ni Kuramochi, mstaafu wa reli;
mikono yake bado inajua kusimamisha treni.
Bondia ni Khamphon, mkata miwa wa Roi Et,
kaja kwa ndege ya usiku, na begi moja,
na maneno matatu aliyofundishwa njiani:
boksi, breki, stopu.
Hata hayo, kila kinywa huyatafuna kivyake.
Stopu ya Kuramochi ina mkia mrefu,
ya Khamphon hufumba midomo kabla haijaisha.

Mkalimani yupo. Asije mtu akasema hayupo.
Ni Duangjai, mpishi wa mtaa wa nyuma,
kakodiwa kwa bahasha nyembamba,
kaketishwa safu ya tatu, nyuma ya majaji.
Mchana alitafsiri kila kitu:
uzito, kikombe cha mkojo, malipo,
mahali pa kutia sahihi.
Kengele ikishalia, zasema kanuni,
asiye wa kona hana mdomo.

Konde lenyewe halikuwa kubwa.
Lilimpata juu kidogo ya sikio,
na taa za ukumbi zikazimika mojamoja
kama mwenye duka anayefunga bila haraka.

Akainuka kwenye sita. Kwenye nane
Kuramochi akamshika glovu zote mbili,
akazipangusa kifuani mwake, kwenye shati,
akamuuliza kwa upole
kama amuulizavyo abiria mzee tiketi yake:
Bado unaweza?

Khamphon hakuelewa swali.
Alielewa kwamba mwenye sauti ni mtu mwema,
na mtu mwema huambiwa ukweli.
Akamjibu kwa lugha ya mama yake,
neno moja, jepesi, likianzia chini
likapanda kama mtu apandaye ngazi gizani:
Hai.

Kwa kina Khamphon, hai ya kupanda hivyo
ni kupotea. Kilichokuwapo, hakipo.
Husemwa kwa ng'ombe, kwa pete, kwa funguo.
Husemwa, kumbe, hata kwa macho.

Kwa kina Kuramochi, hai ni ndiyo,
ndiyo ya mwanafunzi aliyesimama wima.

(Nami niandikaye, laiti ningekuwa pale,
ningesikia neno la tatu,
ningepiga makofi, mjinga wa mwisho:
yu hai! yu hai!)

Boksi, akasema Kuramochi.

Khamphon akainua ngumi, mkao safi,
kidevu ndani, mguu wa kushoto mbele,
akaikabili nguzo ya kona.

Safu ya tatu mwanamke alikuwa wima, akipiga kelele
kwa lugha mbili kwa pamoja.
Mlinzi alimwonyesha kiti chake.
Makonde mawili yalipita kabla mikono ya reli
haijapanda juu, haijavukana, haijavukana tena,
na treni ikasimama
ikiwa imekwisha kumpita mtu.

Ripoti ilikuwa na mistari sita.
Mstari wa nne: *Bondia aliulizwa. Akajibu ndiyo.*
Duangjai alipelekewa hospitali aitafsiri,
mgonjwa atie kidole.
Alisoma wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Kwenye wa nne akakohoa, akaomba maji,
akaitazama ile karatasi kama samaki
ambaye hajui aanzie wapi kumpara.

Mlangoni alikuwa amesimama Kuramochi,
kofia mkononi, na mfuko wa machungwa.
Alikuja na swali, ila kila alipolifungua
lilikuwa swali lilelile.

Khamphon, chini ya bandeji, akaigeuza shingo
upande wa ile harufu ya jikoni.
Akauliza: Hai?

Maana neno hilo, kwao, lina chumba cha ndani:
ugonjwa nao, ukipotea, husemwa hivyohivyo.
Kwa hiyo aliuliza, yamepotea?
Au aliuliza, yatapona?

Duangjai akamshika mkono,
akamjibu kwa neno lake mwenyewe,
na hakulitafsiri.