Viti Arobaini

Nilipanga viti arobaini
kwa kuwa fomu ya bajeti ilisema arobaini,
ghorofa ya nne, nyuma ya kabati za majarida ya Kibulgaria
ambayo hayajaguswa tangu mwaka niliozaliwa.
Nikabandika karatasi kwenye lifti:
Jumatano ya Maeneo ya Dunia.
Leo, Milima ya Karpati.
Kahawa ipo.

Nje, Pittsburgh ilikuwa inakung'utiwa theluji
kama unga uliobaki kwenye chekeche.

Wakaja kumi na mmoja.
Watatu ni wanafunzi waliofuata alama tano za bure.
Mwenda bure si mkaa bure, nilijiambia,
ila mmoja wao alishalala
hata sijawasha projekta.
Wa mwisho alisukuma mlango kwa mgongo:
Bi Paraska Hritzak, mjane, kutoka Braddock,
mabasi mawili na kilima,
mfuko wa plastiki kaufunga juu ya kitambaa cha kichwa.
Hakusalimu. Aliuliza keki ziko wapi.

Dakta Lindqvist ni mgeni wetu, mtu mpole wa Minnesota,
husema "kadhalika" kama wengine wanavyokohoa.
Alitutandazia ramani ya jeshi, ya zamani za wafalme,
mistari ya kahawia imejikunja kama alama za dole gumba.
Akatua na taa yake nyekundu juu ya nukta moja.
"Kijiji hiki," akasema, "kina majina matatu.
La Kihungari, la Kislovakia, kadhalika la wenyeji,
ambalo matamshi yake hatuna hakika nayo.
Wala hakipo tena. Bwawa lilikifunika."

Kijiko kikagonga kikombe.

"Olshivka," akasema Bi Paraska, makombo mdomoni.
"Na hapo unapoonyesha si kijiji.
Hapo ni kisima cha Mikula.
Kijiji kiko kushoto.
Kushoto zaidi.
Wewe kijana, kushoto."

Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani.
Lakini ile nukta nyekundu ikatii.
Ikashuka mteremko usiochorwa,
ikapita nyuma ya kanisa lisilochorwa,
ikasimama kwa shangazi Hafia, aliyekuwa na bata wakali,
ikavuka ua wa miplamu ambao msumari wake
uliichana gauni ya Pasaka, ya kuazima,
akachapwa mara mbili, mara ya pili na mwenye gauni.
Palikuwa peupe, karatasi tupu,
nasi tulikuwa tunapita tukiangalia tusikanyage mboga za watu.

Dakta aliacha kukohoa kadhalika zake.
"Rudia jina," akaomba, akaliandika kiganjani.
Yule mlalaji alikuwa macho sasa, akalijaribu.
"Si hivyo," bibi akamkata.
"Ulimi juu. Kama unatema kokwa."
Akatema. Bado si hivyo.
Tukajaribu sote, kumi na wawili na mimi wa kumi na tatu,
na hakuna aliyelipata,
na yeye akatuangalia kama unavyoangalia bata.

Baadaye nilijaza fomu.
Waliohudhuria: 11.
Lengo limefikiwa? Hapana.
Athari kwa jamii (usizidi mistari miwili):
nikaliacha penseli liende lenyewe,
"Kwenye ramani ya tano, droo ya kusini,
kijiji kisogezwe kushoto."
Meneja wangu, Bi Fineman, aliirudisha
na duara jekundu: Hii si athari.

Nilimsindikiza bibi hadi lifti.
Keki zilizobaki alishazifunga kwenye leso za karatasi, saba,
mkoba umevimba.
Nikataka kumuuliza kama aliwahi kurudi kutazama yale maji.
Nikauliza kama atakuja Jumatano ijayo.
"Kuna nini?"
"Laosi."
Akafikiri, kidole kwenye kitufe.
"Huko sikujui," akasema. "Keki ni hizi hizi?"