Darasa la Jumanne, Kirumba

Ukumbi wa kigango. Umeme umekatika tangu alasiri.
Nimeandika ubaoni kwa mwanga wa simu:
KARNE YA PILI. WENYE MAARIFA YA SIRI.
Chaki imevunjika kwenye neno la mwisho.
Makatekista watarajiwa kumi na mmoja,
na Nyanzobe, ambaye hakujiandikisha,
ameketi mlangoni na beseni lake,
kanga yake inanuka mafuta ya Mwaloni.

Nawaambia: walikuwapo watu wasomi, wapole, wafungaji,
waliosema dunia hii si kazi ya Mungu wa kweli
bali ya fundi wa chini, kipofu, mwenye kiburi,
aliyejidhania yuko peke yake.
Kwamba ndani yako mna cheche iliyodondoka kutoka juu
ikanasa katika nyama kama dagaa wavuni.
Kwamba Yesu hakuwa na mwili, alionekana tu,
kama karabai ya wavuvi inavyoonekana mara mbili,
moja juu ya maji, moja chini.
Na wokovu? Kujua.
Na kujua ni kwa wachache.

Lutangilo, wa kiwandani, ananyoosha mkono.
"Mwalimu, ni kama kwetu.
Minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki.
Kumbe roho ni mnofu, mwili ni panki."
Wanacheka. Nacheka pia.
Miaka kumi na minane nafundisha somo hili
sijalisikia likisemwa vizuri hivyo.

Basi askofu mmoja, katika mji wa mito miwili,
kanisa lake likiwa bado linazika wafia dini,
alishika kalamu akajaza vitabu vitano.
Nawapa kwa maneno yangu:
aliyeumba mnofu ndiye aliyeumba mwiba.
Udongo alioufinyanga ndio aliouvaa,
ndio atakaouamsha.
Na kama mitume walikuwa na siri,
wangewanong'oneza nani
kama si wale waliowakabidhi makanisa?

Wanaandika. Hapo ningeweza kufunga daftari.

Lakini sikuwaficha: alikuwa mkali, na aliwadhihaki.
Kwa karne nyingi tuliwajua kwa kinywa cha mshitaki,
kesi ya upande mmoja,
mpaka mtungi ulipoibuliwa mchangani, Misri,
una vitabu vyao tumboni,
si mbali na mto.
Mto ule unatoka hapa.
Maji haya yaoshayo magamba pale Mwaloni
yanapita Jinja, yanavumilia jangwa,
yanakwenda kulamba ukingo ule.
Nani aliuzika? Mtawa mwenye hofu?
Mtu aliyependa karatasi kuliko amri?
Simjui. Kuna usiku namwombea.

Ndipo Nyanzobe akasimama.
"Mwanangu Mihayo alipozama kule Igombe
nilikaa ufukoni siku tisa.
Akaja mtu na Biblia yake, akaniambia,
mama, nenda nyumbani, hilo ni ganda tu,
mwenyewe keshaondoka.
Siku ya tisa ziwa likanirudishia.
Nilimjua kwa kidole cha mguu, kilipinda tangu kuzaliwa.
Nilikiosha hicho kidole.
Sasa huyo fundi kipofu wenu,
ndiye aliyekipinda?"

Hakuna aliyejibu. Lutangilo alitazama viatu vyake.

"Na jingine, Mwalimu.
Alipofufuka walimpa samaki wa kuchoma, akala mbele yao.
Mifupa aliiweka wapi?"

Nilipekua kichwani vitabu vyote vitano.
Yeye hakungoja. Alifunua beseni:
yamebaki mapanki manne, yamepoa, chumvi imezidi.
Tukagawana bila kuhesabu.
Tukala gizani, tukinyonya uti wa mgongo wa sangara,
naye mgeni wa Nile,
kila mtu akipanga miiba yake, taratibu,
pembeni mwa daftari.